MBEGU ZA PORI LETU

Somo kwa wakatekumeni wa vijiji vya Kambove



Katika somo lililopita tulisema ya kuwa Mwenyezi Mungu aliumba vyote kwa neno lake, wala hakuhitaji msaidizi. Leo twaendelea na fundisho lilo hilo, lakini hatuanzi na kitabu. Twaanza na ganda la mutondo.

Kila mtu aliyelelewa katika nchi ya Kambove aijua sauti yake. Mwisho wa kiangazi, jua likiwa kali utosini na upepo umetulia, husikika mlio mkavu juu ya miti: ta! Kisha mwingine, na mwingine tena. Hayo ni maganda ya mutondo na ya muputu yanayopasuka. Ganda hukauka, nyuzi zake huvutana, mpaka pande zake mbili hujisokota kwa ghafula na kuzirusha mbegu mbali na mti uliozizaa. Watoto huokota yale maganda yaliyojikunja wakayafanya mchezo. Mbegu zenyewe hulala juu ya majani makavu zikingoja mvua ya kwanza, nazo hazingoji muda mrefu: zikipata maji huota mara, zisipoyapata, huliwa na wadudu na panya, au huunguzwa na moto wa pori.

Sasa fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, msikilize habari ya siku ya tatu. Imeandikwa humo ya kuwa Mungu aliiamuru nchi itoe mimea na miti, nayo miti ikawa na mbegu zake ndani ya matunda, kila mmoja kwa jinsi yake. Angalieni vizuri. Mungu hakuumba mti peke yake, aliumba na mbegu ndani ya mti. Angeweza kuumba kila mutondo kwa mkono wake, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa dunia. Hakupenda hivyo. Alipenda viumbe vyake navyo viwe na kazi: mti uzae mti, ndege abebe tunda, mvua ilainishe udongo. Yeye ndiye chanzo cha kwanza cha yote. Viumbe ni watumishi, kila kimoja kwa namna yake. Na mtu ni mtumishi wa namna ya pekee, maana mti huzaa bila kujua, bali mtu ajua anachokifanya, naye aweza kukubali au kukataa.

Ndiyo sababu twazungumza leo juu ya wale watu wanaokwenda porini kuokota mbegu ili miti irudi mahali palipokuwa patupu. Hawa hawakuchaguliwa na mtu kwa nguvu, wanajitolea. Wengi huwacheka. Husema, “Nani apandaye mti wa pori? Pori hujiotea lenyewe.”

Neno hilo lina ukweli wa nusu, na ukweli wa nusu ni mgumu kuujibu. Ni kweli ya kuwa miti ya miombo ina nguvu nyingi katika mizizi yake. Ukikata muputu na kuacha kisiki, kisiki hicho huchipuka. Shamba lililoachwa, kama visiki havikung’olewa na moto hauliunguzi kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, baada ya miaka hurudi kuwa msitu bila mtu kupanda hata mbegu moja. Mahali pa namna hiyo hapahitaji mkulima, pahitaji mlinzi. Lakini yako mahali mengine. Yako mahali ambapo visiki vimeng’olewa ili kuchoma makala, na udongo umelimwa mpaka ukachoka. Tena yako mahali ambapo udongo wenyewe umefukiwa chini ya mawe yaliyotoka machimboni. Hapo hakuna mzizi wa kuchipuka. Hapo mbegu isipoletwa na mtu, au na ndege kwa bahati, patabaki patupu mbele ya macho ya wajukuu zetu.

Nanyi wa Kambove mwayajua mahali hayo kuliko mtu mwingine. Nchi yenu ni nchi ya shaba tangu zamani za mababu. Wasanga na Wayeke walichimba jiwe la kijani na kuliyeyusha katika matanuri ya udongo, wakatengeneza ile misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha na kutolewa mahari. (Katekista mmoja alipenda kusema ya kuwa mababu waliujua Msalaba wa Kristo kabla ya mapadri kufika. Sivyo. Umbo lilikuwa moja, maana yake ilikuwa nyingine. Mungu hahitaji tumsaidie kwa habari isiyo ya kweli.) Mwaka 1892 Jules Cornet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa mawe, alipita hapa akayaona machimbo ya wenyeji. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière, reli ikafika Kambove mwaka 1913, na mwaka 1967 Serikali ikayatwaa machimbo, na kampuni yake hatimaye ikaitwa Gécamines. Kazi hiyo imewalisha watu wengi. Imeacha pia mashimo, na vilima vya mawe yasiyofaa, na udongo ambao nyasi hukataa kuuota.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ni jambo la ajabu. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa mimea karibu yote. Ndiyo maana vilima vya shaba vya asili havina miti: pori huzunguka chini yake kama nywele kuzunguka upara, na juu kuna majani na maua tu. Lakini maua hayo si maua ya kila mahali. Mungu ameiweka humo mimea iliyofundishwa kuishi katika sumu. Liko ua dogo la samawati iliyokaribia zambarau, ambalo wataalamu wameliita Haumaniastrum katangense, na wengine huliita ua la shaba. Hilo huota upesi penye udongo wa shaba uliovurugwa, hata wachunguzi wa mambo ya kale wameongozwa nalo mpaka penye matanuri ya kuyeyushia shaba yaliyosahauliwa. Tangu miaka ya 1950 wataalamu, kama Paul Duvigneaud wa Ubelgiji, waliandika habari za mimea hiyo. Leo twajua ya kuwa aina 30 hivi haziishi mahali pengine po pote duniani isipokuwa juu ya udongo wa shaba wa Katanga. Kilima kikichimbwa chote, na mbegu zake hazikuokotwa kwanza, mmea wa namna hiyo waweza kutoweka kabisa, asiuone tena mtu ye yote.

Kwa hiyo upande wa Tenke na Fungurume, ambako machimbo makubwa yalianza kutoa shaba mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux katika Ubelgiji waliokota mbegu za mimea ya vilimani, na udongo wa juu pamoja na mimea yake ulihamishiwa mahali pengine. Na huko Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa tanuri la shaba uliua mimea kwa miaka mingi, walijaribu kuurudisha uhai kwa jani moja fupi la huku huku Katanga liitwalo Microchloa. Walianza na jani dogo linaloweza kustahimili shaba, wala hawakuanza na mti mkubwa. Basi mtu asipande mbegu ya mulombwa juu ya mawe ya machimbo na kusema baadaye ya kuwa Mungu hakubariki.

Sasa mbegu zenyewe. Nitawaeleza kama nilivyofundishwa na wazee, na kama nilivyojifunza kwa kukosea.

Mutondo na muputu huvunwa kabla maganda hayajapasuka, yanapoanza kugeuka rangi. Ukiyachuma mabichi mno, mbegu haijakomaa. Ukichelewa juma moja, utakuta maganda matupu. Maganda huanikwa juu ya mkeka uliofunikwa kwa wavu au kitambaa, yapasukie hapo hapo. Mbegu zake zisitunzwe; zipandwe mvua zikianza. Mulombwa ni mpole zaidi: tunda lake, lile la duara lenye miiba katikati na ubawa mwembamba pembeni, hukaa mtini miezi mingi. Lakini kuitoa mbegu yake katika ganda ni kazi ya kisu na ya subira, na mara nyingi ganda hukutwa halina kitu. Mupapa, wenye mbegu nyeusi iliyovaa kofia nyekundu, mbegu zake hukaa. Ukitaka ziote upesi, kwaruza ngozi yake kidogo upande ulio mbali na ile kofia. Musuku ni kinyume chake. Mwaka mmoja nilikusanya mbegu za masuku, nikaziosha, nikazianika vizuri, nikazitia katika kopo na kulifunga, nikaliweka kabatini nikingoja mvua za mwaka uliofuata. Nilijivuna kwa usafi wa kazi yangu. Zilipopandwa haikuota hata moja. Mzee mmoja alinicheka, akasema mbegu ya musuku ni kama samaki, haingoji soko la kesho kutwa. Kula tunda, panda mbegu.

Kabla ya kuzipanda, kata mbegu chache kwa kisu uone ndani: nyama nyeupe iliyo imara ni uzima, unga na tundu ni kazi ya mdudu. Usitie mbegu katika mfuko wa plastiki, maana hutoka jasho na kuoza. Tia katika kitambaa au karatasi. Na juu ya karatasi andika jina la mti, mahali, siku, na hesabu ya miti uliyochumia. Jina waulizeni wazee, tena upesi, maana kila mzee anayezikwa huenda na majina ambayo hayakuandikwa.

Jambo moja zaidi, ambalo huwashangaza wengi. Mkipanda muputu, mutondo au musuku katika kitalu, chukueni konzi chache za udongo chini ya mti mama, mkauchanganye na udongo wa kitalu. Katika udongo ule mna nyuzi nyembamba kuliko nywele, zinazoshikamana na mizizi na kuilisha. Uyoga tunaouokota mvua zinapoanza ni matunda ya nyuzi hizo hizo. Mche usiozipata hudhoofika. Nasi watu wa misioni zamani tulipanda mikaratusi kwa mistari, nayo imetupa nguzo na kuni upesi, wala sisemi ilikuwa vibaya. Lakini hakuna aliyeokota chini ya mkaratusi ule uyoga wa miombo ambao mama zenu huujua kwa majina, wala viwavi vya kuliwa.

Sasa tufike penye sheria ya Mungu, kwa maana mtu aweza kufanya kazi njema kwa njia mbaya. Kwanza, omba ruhusa kwa chifu na kwa mwenye shamba. Mbegu iliyochumwa kwa wizi ni wizi, hata ikipandwa kanisani. Pili, usikate mti wala tawi kubwa ili kupata mbegu. Katika Kumbukumbu la Sheria, Musa aliwakataza Waisraeli kuikata miti ya matunda hata wakiuzingira mji wa adui. Tena mtu aliyekuta kiota aliruhusiwa kuwachukua makinda, lakini ilimpasa amwache mama aende zake. Mti mama ni wa kuachwa. Tatu, usichume zote. Walawi sura ya 19 yawaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wala wasirudie masazo, kwa ajili ya maskini na mgeni. Kwa sheria hiyo Ruthu alipata chakula katika shamba la Boazi. Wataalamu wa mbegu leo hushauri kutochukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya mbegu zilizoiva mahali pamoja. Nyingine ni za pori lenyewe, za ndege na panya, ambao ndio maskini wa pori. Na usichume katika mti mmoja tu ulio karibu na njia. Tembea, chuma kidogo kidogo katika miti mingi iliyo mbalimbali, ili miche isiwe yote watoto wa mama mmoja.

Mwauliza: je, kazi hii ilipwe? Swali hili ni la haki, wala nisingependa mtu ajibiwe kwa hotuba juu ya ukarimu. Kampuni ikihitaji mbegu kwa ajili ya mashimo yake, na mama mjane akaziokota toka asubuhi hata jioni, huo ni mshahara wake, na Mtakatifu Yakobo ameandika maneno makali juu ya mshahara uliozuiliwa. Asidanganywe mtu kwa neno “kujitolea”. Katika nchi ya Kenya, Wangari Maathai, aliyefundishwa na masista Wakatoliki katika ujana wake, alianzisha mwaka 1977 chama cha kina mama wapanda miti. Waliokota mbegu za miti ya kwao katika mashamba na misitu, wakapewa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Haikuwa aibu. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Lakini kijiji kikipanda kilima chake chenyewe, au mlima wa chemchemi yake, hapo hakuna wa kumdai. Hapo ndipo kujitolea kunapokuwa kujitolea kweli. Abrahamu alipanda mti Beer-sheba, katika nchi ya watu wengine, naye alikuwa mzee. Akaliitia hapo jina la Bwana. Hakupanda ili akae kivulini.

Swali jingine huulizwa kwa sauti ya chini, tena na wanaume wenye watoto: “Padri, mimi nachoma makala. Je, nitakataliwa Ubatizo?” Hapana. Kuchoma makala si dhambi kwa asili yake. Lubumbashi na Likasi hupika kwa makala, na anayekula chakula kilichopikwa kwa jasho lako asikuhukumu. Lakini kazi yaweza kufanywa kwa dhambi. Kung’oa visiki ili mwenzako asipate kitu kesho, kuangusha mti wa mwisho wenye mbegu, kuwasha moto na kwenda zako, kukata katika msitu wa wengine usiku: hayo yapelekwe mbele ya Mungu kama wizi mwingine. Twakumbuka katika miaka ya 2010 jinsi mukula ulivyokatwa katika Katanga yetu, magogo mekundu yakapakiwa kwenye malori kwenda ng’ambo. Waliokata walipata kidogo, waliouza walipata sana, na pori halikupata kitu. Tangu mwaka 2019 mti huo umetiwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi huchunguzwa. Mchoma makala anayeacha miti mama michache, anayeacha visiki vizima, na akaleta mfuko mmoja wa mbegu mwisho wa kiangazi, huyo hana sababu ya kunong’ona.

Ninyi wakatekumeni mnangoja Ubatizo, na kungoja kwawachosha baadhi yenu. Mwaona wenzenu wakienda kupokea Komunyo, nanyi mwabaki. Bwana wetu, siku chache kabla ya mateso yake, alisema habari ya punje ya ngano: isipoanguka katika udongo na kufa, hukaa peke yake, ikifa, huzaa. Mtaikuta katika Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya 12. Aliyasema hayo juu yake mwenyewe kwanza, ndipo juu yetu. Zile mbegu zangu katika kopo zilikuwa safi, kavu, wala hazikuguswa na mdudu.

MASWALI

Nani aliyezitia mbegu katika miti?
Ni Mungu, aliyeiumba miti na kuijalia nguvu ya kuzaa kwa jinsi yake.

Je, dunia ni mali yetu tuitumie tupendavyo?
Sivyo. Dunia ni mali ya Mungu, nasi tu mawakili wake. Wakili hutoa hesabu. Marehemu Papa Fransisko alilifafanua jambo hili mwaka 2015 katika barua yake iitwayo Laudato si’.

Kwa nini mwokota mbegu asichukue zote?
Kwa sababu mti una watoto wake, ndege wana chakula chao, na wako watakaokuja baada yetu.

Paulo alipanda, Apolo akatia maji. Nani aliyekuza?
Mungu ndiye aliyekuza. Lakini Paulo hakuacha kupanda kwa sababu hiyo.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila kundi na katekista wake wachague siku moja kabla maganda ya mutondo hayajapasuka. Waende pamoja na mzee mmoja na mama mmoja wanaoijua miti, na watoto wa kupanda juu, lakini mtoto asipande mti mrefu bila mtu mzima kusimama chini. Leteni vitambaa, kisu, karatasi na kalamu. Katekista aandike majina ya miti kama wazee wanavyoyatamka, kwa Kisanga au kwa Kibemba, bila kuyarekebisha. Mbegu za mulombwa na mupapa zitawekwa misioni mahali pakavu. Za mutondo na muputu zitagawanywa mvua ya kwanza ikinyesha. Za musuku msizilete. Pandeni siku ile ile mnapokula tunda.